Aliinuka, Akajipangusa Vumbi

Wewe mama uliye jikoni na redio umeiweka dirishani, habari za jioni. Baba uliyefika sasa hivi kutoka kazini, pole na uchovu. Walimu, hamjambo. Na nyinyi vijana wa moto, waendesha pikipiki mnaongoja abiria pale barabarani, sogeeni karibu, maana habari ya leo inawahusu. Ninasema nanyi kutoka hapa hapa Mabanga, mjini Goma, na leo nataka tuzungumze juu ya kichwa cha mtoto.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Mtoto wa jirani, mvulana wa miaka minane, alikuwa akirudi na wenzake kutoka kuchota maji. Mnajua watoto wetu: wakiona chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inateremka, hawawezi kuiacha ipite. Akadandia nyuma, juu ya bidoni, madumu ya njano ya maji. Gurudumu la mbele likagonga jiwe, chukudu ikageuka ubavu, mtoto akarushwa. Kisogo kikatua juu ya jiwe. Na mawe yetu hamhitaji niwaeleze, ni mawe ya volkeno ya Nyiragongo, meusi, yenye meno. Kwa Kilingala, neno lenyewe mabanga maana yake ni mawe.

Mtoto akalala pale kimya, muda wa mtu kuhesabu mpaka tano au sita. Kisha akafumbua macho. Akakaa. Akainuka, akajipangusa vumbi. Mama mmoja akamshika kichwa, akapapasa nundu, akatazama vidole vyake: hakuna damu. "Eko muzima," akasema. Tukamuuliza jina lake, akalitaja. Basi, watu wakatawanyika. Lakini kabla hajaenda aliuliza, "Bidoni yangu iko wapi?" Bidoni ilikuwa mbele yake, karibu na miguu. Tukamwonyesha. Baada ya hatua mbili tatu akauliza tena, "Bidoni yangu iko wapi?" Mimi nilisikia mara zote mbili. Na mimi pia nilifikiri si kitu.

Wiki tatu baadaye, mama yake akaanza kulalamika. Mtoto huyu ndiye alikuwa mwamuzi wa wenzake. Wakigombania gololi, yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Mpeni hii, ni yake," na wanamsikia. Sasa yeye ndiye anapiga. Akiguswa kidogo analia. Akitumwa chumvi anarudi na mikono mitupu, amesahau alitumwa nini. Na shuleni, siitaji shule, aliambiwa amekuwa mvivu, analala darasani, hanakili kilicho ubaoni. Akapigwa kofi la kichwa ili aamke.

Wasikilizaji, mmesikia? Kofi la kichwa. Hakuna aliyekumbuka chukudu. Mama hakukumbuka, mwalimu hakuwa na habari, na mimi niliyeona nilikuwa nimenyamaza. Ndiyo sababu ninazungumza leo. Mtoto anaweza kuinuka, akajipangusa vumbi, akataja jina lake, na bado ubongo ukawa umeumia.

Inakuwaje? Chukua ile ile bidoni ya maji. Ijaze nusu, uifunge, uiweke juu ya chukudu inayokimbia, kisha usimamishe ghafla. Bidoni itasimama, lakini maji ndani yatazidi kwenda, yatapiga ukuta wa mbele, yatarudi kupiga wa nyuma. Bidoni haikupasuka na tone halikumwagika, lakini ndani kumetikisika. Ubongo uko hivyo. Ni laini, unaelea katika maji ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikigongwa au kikitikiswa kwa nguvu, nyuzi za ubongo zinavutwa na kupindwa. Chembe zake zinahitaji nguvu nyingi ili kurudi katika hali yake, na saa hiyo hiyo damu inayozipelekea nguvu inapungua. Ni kama mtaa unapopata umeme mdogo: taa inawaka, lakini huwezi kusomea. Madaktari wanaita hali hiyo mtikisiko wa ubongo.

Na hapa watu wengi wanakosea. Wanasema, "Tulimpeleka kwenye skana, wakatuambia hakuna kitu." Skana inatafuta mfupa uliovunjika na damu iliyovuja, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Mtikisiko hauonekani humo. Ukipiga picha ya nyumba, picha itakuonyesha kuta na bati, lakini haitakuambia kama umeme ni mdogo. Kwa hiyo picha safi ni habari njema kabisa, tena mshukuruni Mungu, ila haimaanishi kwamba mtoto hakuumia.

Sasa utaniuliza: mtoto si anapona haraka? Wazee wanasema mfupa wa mtoto unaunga upesi. Kwa mfupa ni kweli. Na kwa ubongo, hata wataalamu waliamini hivyo kwa miaka mingi. Miaka ya 1930 huko Marekani, Margaret Kennard alichunguza nyani na kuona kwamba waliojeruhiwa ubongo wakiwa wachanga walirudia kutembea na kushika vitu vizuri kuliko waliojeruhiwa wakiwa wakubwa. Watu wakalichukua jambo hilo kama sheria: akiwa mdogo, atapona tu. Baadaye Vicki Anderson na wenzake huko Melbourne, Australia, wakafuata watoto walioumia vibaya kichwani kwa miaka, wakaona mambo si mepesi hivyo. Katika majeraha makubwa, mara nyingi aliyeumia akiwa mdogo zaidi ndiye aliyebaki nyuma zaidi.

Kwa nini? Mfikirie seremala mzee na kijana anayejifunza kwake. Mzee akiumia leo, mikono yake bado inakumbuka randa, imeishika miaka 30. Kijana akiumia leo, bado hajafundishwa randa. Atatumia nini kujifunza, ikiwa chombo cha kujifunzia ndicho kilichoumia? Mtoto hapotezi tu alichonacho. Anaweza kukosa alichokuwa anakaribia kukipata.

Na mtoto anajifunza nini? Tukisikia "akili" tunafikiri hesabu na kusoma. Lakini kuna somo lingine kubwa ambalo halina daftari: kujifunza kuishi na watu. Kujua kwamba mwenzako ana mawazo yake ambayo si yako. Kujua huyu anatania na huyu amekasirika. Kungoja zamu yako pale bombani.

Kuna mchezo mdogo ambao wachunguzi wanautumia kupima jambo hili. Nitawapa kwa mfano wa nyumbani kwetu. Mama ameweka mandazi katika sufuria, akafunika, akatoka kwenda kuteka maji. Huku nyuma dada mkubwa akaja, akayatoa, akayaficha ndani ya kikapu. Mama anarudi. Muulize mtoto aliyekuwa akitazama: mama atatafuta mandazi wapi kwanza? Mtoto wa miaka mitatu mara nyingi atakuambia, kwenye kikapu! Yeye anajua yako kwenye kikapu, basi anafikiri na mama anajua. Ngoja afike miaka minne au mitano, atakuambia, atatafuta ndani ya sufuria, kwa sababu mama hakuona. Kati ya majibu hayo mawili kuna hatua kubwa ya utu. Mtoto ameingia katika kichwa cha mwenziwe.

Huko Montreal, Kanada, kuna mtaalamu anayeitwa Miriam Beauchamp. Yeye na wenzake walichukua watoto wadogo, wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitano, waliogonga kichwa na kupata mtikisiko mwepesi, siyo majeraha ya kutisha. Wakawalinganisha na wenzao wasioumia, na pia na watoto waliovunjika mkono au mguu. Miezi sita baadaye wakawapa michezo kama huu wa mandazi. Waliogonga kichwa walikuwa dhaifu zaidi katika kufahamu mwenzao anawaza nini na anataka nini. Na kwa nini walichukua pia waliovunjika mkono? Kwa sababu na hao walianguka, walilia, walipelekwa hospitali. Kwa hiyo tofauti haikuletwa na hofu ya hospitali. Ilitoka kichwani. Wachunguzi hao waliangalia pia mzazi na mtoto wanavyoshirikiana, wakaona baada ya miezi sita hata ushirikiano huo umelegea kidogo. Jambo hili lilinigusa sana. Mtoto hakuelewi vizuri, wewe unakasirika, yeye anaona uso wako umebadilika, anazidi kukasirika, na hakuna kati yenu anayejua mmeanzia wapi.

Ndugu zangu, sitaki mtu alale na hofu usiku huu. Watoto wengi wanapona, na ninarudia: wengi wanapona. Huko huko Kanada, Roger Zemek wa Ottawa na wenzake walifuata watoto zaidi ya 3,000 kutoka hospitali 9, na mwaka 2016 wakatoa matokeo: baada ya wiki nne, karibu watoto saba kati ya kumi walikuwa wamerudi sawa. Watatu bado walikuwa na shida, kichwa kinauma, wanachoka, hawatulii. Na kuhusu ile hofu ya kila mzazi, kwamba mtoto amepoteza akili, wachunguzi Ashley Ware na Keith Yeates walipima akili za mamia ya watoto wa miaka 8 hadi 16 baada ya mtikisiko, wakatoa habari mwaka 2023: akili haikushuka kwa kiasi cha kuhofia. Basi ukimwambia mtoto aliyeanguka kwamba amekuwa mjinga, unasema uongo, na unamwumiza mara ya pili.

Sasa atatokea mtu aseme, labda wanaoanguka ni watoto watundu tangu mwanzo, au wanatoka nyumba zenye shida. Ni swali zuri. Huko Sweden walilijibu kwa namna nzuri: walichukua watu zaidi ya milioni moja waliozaliwa kati ya 1973 na 1985, wakatafuta walioumia kichwa kabla ya miaka 25, kisha wakamlinganisha aliyeumia na ndugu yake wa nyumba hiyo hiyo, asiyeumia. Baba mmoja, mama mmoja, ugali mmoja. Aliyeumia alikuwa na hatari zaidi ya kuishia njiani katika masomo na ya kuhitaji matibabu ya nafsi, na waliogongwa zaidi ya mara moja walikuwa na hatari kubwa zaidi. Shikeni neno hilo: zaidi ya mara moja. Lile kofi la darasani, je, tulihesabu kama mara ya pili?

Mtasema, hao wote ni Wazungu, na watoto wao hawatembei juu ya mawe. Basi tuje karibu. Kampala, katika hospitali ya Mulago, Chandy John, Michael Boivin, Paul Bangirana wa Makerere na wenzao walifuata watoto waliougua malaria ya ubongo. Si kugonga kichwa, najua, lakini sikilizeni. Wengi wa watoto wale walitoka hospitali wakitembea, wazazi wakafurahi. Miaka miwili baadaye, mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na shida ya kufikiri, ya kuwa makini au ya kukumbuka. Na hapa kwetu Kongo, kule Kahemba, Desire Tshala-Katumbay, mwana wa nchi hii, pamoja na huyo Boivin, walipima watoto wa vijiji vyenye konzo, ule ugonjwa wa miguu unaotokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Waliona kwamba hata watoto ambao miguu yao ilikuwa mizima walikuwa wameguswa katika akili. Macho ya mzazi yalisema mzima, kipimo kikasema hapana. Ndivyo ilivyo tena na tena: ubongo unaumia bila kutoa damu.

Sasa tuje mtaani kwetu. Vichwa vya watoto wetu vinagongwa wapi? Ni pale kwenye mawe, wakicheza mpira wa matambara. Ni kwenye chukudu. Ni kwenye moto, na hapa vijana wangu nisikilizeni: mtoto unamweka mbele, juu ya tangi, wewe una kaske, kofia ya kukinga kichwa, na yeye hana. Moto ikisimama ghafla, mtoto ndiye anayetangulia. Kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili wake, na shingo yake bado haina nguvu ya kutosha, ndiyo maana akirushwa kinatangulia kichwa. Na wapi tena? Nyumbani, kwa mkono wetu. Makofi ya kisogoni, kichwa kugonganishwa na kichwa cha mwenzake, mtoto mchanga kutikiswa ili anyamaze. Mtoto mchanga asitikiswe kamwe. Mama ukichoka na kilio chake, mlaze, toka nje, vuta pumzi, mwite jirani.

Akianguka, tufanye nini? Saa za kwanza mtazame kwa makini. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kumuuma badala ya kupungua, akipata kifafa, akitokwa na damu au maji maji masikioni au puani, mkono au mguu mmoja ukilegea, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, maneno yakivurugika, au akilala ukashindwa kumwamsha, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali. Mchanga akikataa ziwa au akilia bila kunyamazika, vivyo hivyo. Narudia: kutapika tena na tena, maumivu yanayozidi, kifafa, kushindwa kuamka. Najua mji wetu, najua usiku wetu ulivyo, najua mtu anavyofikiri mara mbili kabla ya kufungua mlango. Ndiyo maana uliza mapema, kabla ya giza, ni kituo kipi kilicho karibu na nani atakusindikiza.

Wengine wanamkataza mtoto asilale kabisa, wanampiga maji usoni usiku kucha. Hapana. Ikiwa ameamka vizuri, anaongea sawa, hana dalili hizo, mwache alale, usingizi ni dawa yake. Ila lala karibu naye, sikiliza pumzi yake, mwamshe mara kadhaa uhakikishe anakujibu. Na ile nundu usiikande kwa nguvu, usiichanje.

Siku mbili za kwanza apumzike. Bidoni ya maji achukue mwingine. Baada ya hapo, msimfungie chumbani. Zamani walishauri mtoto alale gizani siku nyingi, sasa wanajua haisaidii. Katika uchunguzi ule wa Zemek, watoto walioanza kutembeatembea na kucheza kidogo katika juma la kwanza walikuwa na shida chache baada ya mwezi. Kwa hiyo atembee, acheze polepole, arudi masomo hata kwa nusu siku. Kichwa kikianza kuuma, apunguze. Mpira, chukudu na mieleka vingoje mpaka awe mzima kabisa, kwa sababu kugongwa mara ya pili kabla hajapona ni hatari kuliko mara ya kwanza.

Nina neno moja gumu la kusema. Hapa Goma, mtoto akibadilika tabia, sababu zinaweza kuwa nyingi. Watoto wetu wamesikia mabomu. Wengine wamekimbia mara mbili, mara tatu, wamelala chini ya turubai. Walioona mapigano ya mwezi wa kwanza wa 2025 katika mji huu hawajayasahau. Mtoto asiyelala, anayeshtuka, anayepigana, huenda ni hofu, huenda ni njaa, huenda ni kichwa, na huenda ni vyote pamoja. Siwezi kuwaambia kutoka redioni ni kipi. Ninachoomba ni kwamba kabla ya neno mvivu, kabla ya neno mkaidi, kabla ya fimbo, tuulize: uliumia? ulianguka? lini? Mtoto wa miaka minane hatakuja mwenyewe kusema, "Mama, tangu niliposhuka kwenye chukudu sielewi vizuri wenzangu." Hana maneno hayo. Anayo ngumi tu.

Mvulana wa jirani yangu, siku moja nilikwenda nikaketi na mama yake, nikamweleza nilichokiona: jinsi alivyolala kimya, jinsi alivyouliza bidoni mara mbili. Mama akanitazama muda mrefu. Akasema, "Na mimi nilimpiga kwa sababu alisahau chumvi." Hatukusema mengi. Tulichukua ukurasa wa daftari, tukaandika barua kwa mwalimu. Na wewe msikilizaji mwenye mtoto aliyeanguka mwezi huu, kama una kalamu karibu, ichukue. Nitasoma polepole, na nitarudia.

"Mwalimu, jambo. Mtoto huyu alianguka akagonga kichwa. Aliinuka mwenyewe, lakini bado hajapona. Ukiona anasinzia, mwache aweke kichwa mezani kidogo. Kazi umpe nusu. Akikosana na wenzake, mwite pembeni umsikilize. Tafadhali asipigwe kichwani. Tukiona mabadiliko tutakuambia, na wewe ukiona utuambie. Asante. Mama yake."

Narudia kuanzia mwanzo, kwa yule ambaye kalamu ilikuwa mbali. Mwalimu, jambo. Mtoto huyu alianguka akagonga kichwa…